Yai Linaloweza Kuvunjika

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwa Nasrudin, kabla ya miwani yake minene na sweta lake la kijani lililotoboka kiwiko, kilikuwa ncha za vidole vyake. Zilikuwa za njano. Haikuwa njano ya mvuta sigara, kwani hakuwahi kuvuta. Ilikuwa njano ang'avu, kama ya mtoto aliyechezea rangi darasani. Kwenye jamatkhana, nyumba yao ya ibada, alipompa mtu mkono, mtu huyo alijiangalia kiganja kwa siri.

"Ni zafarani," Nasrudin alisema kabla hajaulizwa. "Napika mayai."

"Mayai yanatiwa zafarani siku hizi?"

"Haya hayana yai ndani."

Hapo aliyeuliza alitabasamu kwa adabu, akamwulizia hali ya Roshan, mkewe, kisha akaaga. Majira yote ya baridi hakutokea mtu hata mmoja pale Unionville, nje kidogo ya Toronto, aliyesubiri kusikia maelezo mpaka mwisho, na jambo hilo lilimkera Nasrudin kuliko baridi yenyewe.

Alikuwa fundi miwani mstaafu. Alizaliwa Tabora, akaja Toronto akiwa kijana, akaishi kwanza kwenye maghorofa ya Flemingdon Park, ambako yeye na Roshan, binti wa Kigoma, walianza maisha na godoro na sufuria. Mambo mazito waliyazungumza kwa Kikachi, lugha ya wazazi wao. Wakitaka kutaniana au kugombana walihamia Kiswahili, kwa sababu Roshan alidai kwamba katika Kikachi ugomvi haunogi. Binti yao Shaista alizielewa lugha zote na kujibu kwa ile iliyomfaa. Alia, binti wa Shaista, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alielewa Kiswahili cha jikoni na kujibu kwa Kiingereza.

Kisa chote kilianzia kwa Alia, ambaye alikuwa na mzio wa mayai. Akila yai, koo lilivimba. Akiligusa bichi, mikono iliota mabaka mekundu. Alizaliwa hivyo, akakua hivyo, na nyumbani walikwisha kuzoea. Biriani la bibi yake lilipikwa bila yai, keki zake bila yai, na hakuna aliyelalamika. Lakini Navroz, mwaka mpya wa majira ya machipuko, haikuwa ya nyumbani peke yake. Darasani kwao jamatkhana walikuwamo watoto ambao wazazi wao walitoka Afghanistan, nao walikuja na mchezo wao: kila mtoto hushika yai lililochemshwa na kupakwa rangi, wawili wakayagonganisha ncha kwa ncha, na ambaye yai lake limepasuka humpa mshindi alile. Watoto wote waliupenda mchezo huo, wa Afghanistan na wa Tanzania na wa Uganda, wakaufanya wao.

Mwaka uliopita mwalimu, mtu mwenye nia njema, alimpa Alia yai la plastiki. Nasrudin alipokwenda kumchukua alimkuta amekaa peke yake karibu na makoti.

"Umeshinda, mama?" alimwuliza garini.

"Halivunjiki, Nana," alimjibu babu yake.

"Basi umewashinda wote!"

"Hapana. Walicheza na mimi mara moja, wakaacha. Parwin amesema lisilovunjika si mchezo." Alia aligeukia dirisha. "Nataka linaloweza kuvunjika."

Nasrudin aliwasha gari wakaondoka. Maishani mwake wateja walikuwa wamemwomba miwani isiyovunjika, fremu zisizovunjika, vioo visivyokwaruzika. Ombi la namna hii lilikuwa geni kwake, akaapa moyoni kwamba atalitimiza.

Miezi ikapita bila yeye kujua aanzie wapi. Mwezi wa Novemba maktaba ya jiji iliandaa mihadhara ya bure kwa wazee, na Roshan akamtoa nyumbani karibu kwa fimbo. "Nenda ukasikilize chochote. Ukiendelea kukaa hapa utaanza kunifundisha kufagia."

Mhadhara wa siku hiyo ulihusu vitabu vya mapishi vya Ulaya ya Enzi za Kati. Nasrudin alikuwa anasinzia. Mhadhiri, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya upole, alionyesha ukutani picha za kurasa zilizoandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya ndama, akaeleza kwamba miswada iliyosalia ni michache na imetawanyika huku na huko. Kisha akasema kwamba wakati wa Kwaresima Wakristo wa zama zile walijinyima nyama, maziwa na mayai. Matajiri wakachoshwa na samaki, wakawataka wapishi wao wawatengenezee mayai ya bandia. Maziwa mazito ya lozi yalifanywa ute, na maziwa hayohayo yakitiwa zafarani yalifanywa kiini.

Nasrudin aliamka wima na kunyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Yalikuwa yanaliwa?"

"Ndiyo, yalikuwa yanaliwa."

"Na yanavunjika?"

Mhadhiri alicheka. "Sijawahi kuulizwa swali hilo. Kwa nini yasivunjike?"

Jibu hilo lilimtosha. Alitoka pale akitembea kama kijana aliyekubaliwa posa, na kwenye treni ya kurudi Unionville aliyatazama macho yake mwenyewe kwenye kioo cha dirisha bila kujitambua, kwa furaha.

Furaha hiyo haikudumu. Picha ya ukurasa wa mapishi hayo, ulioandikwa kwa Kiingereza cha kale, ilipatikana bure kwenye tovuti, akaichapisha kwa herufi kubwa, akaiweka kwenye meza ya kulia chakula, akatoa lenzi aliyokuwa akikagulia vioo dukani. Herufi zilisimama zimebanana kama nguzo za ua. Hakujua ipi inaishia wapi. Ilimchukua sehemu kubwa ya Desemba kuutambua mstari wa kwanza, tena kwa msaada wa mhadhiri, ambaye alianza kuzizoea simu zake na baadaye kuzikwepa. Alipofanikiwa kuusoma, aligundua kwamba hauna kipimo. Chukua lozi za kutosha. Chemsha mpaka yawe mazito. Mazito kiasi gani, hakuna neno. Na mwisho wa ukurasa, pale sentensi ilipoanza kueleza namna ya kuyagandisha, maandishi yalikatika. Mtu fulani, karne nyingi baadaye, alikijalidi kitabu upya na kupunguza kingo kwa kisu ili kurasa zilingane.

"Ili zilingane!" Nasrudin alifoka. "Amekata chakula cha watu ili ukingo unyooke!"

"Punguza sauti, Baba Shaista. Amekwisha kufa."

"Na tazama ulivyo safi. Hauna doa la mafuta, hauna tone la mchuzi. Unajua kwa nini kitabu hiki kimesalia? Kwa sababu hakuna aliyekipikia! Vilivyoingia jikoni viliungua, vililoa, vilichanwa vikafungiwa samaki. Kilichodumu ni hiki, kilichokaa rafuni kwa tajiri kikijivuna."

"Kama seti yangu ya chai ya harusi," alisema Roshan. "Inadumu kwa sababu haijawahi kuonja chai."

Mhadhiri, labda ili apumzike, alimwambia kwamba kuna mswada mwingine unaofanana na huo, katika maktaba moja ng'ambo, nao ukurasa wake haukukatwa. Ila haukuwa umepigwa picha bado. Ulikuwa kwa mafundi wa kutengeneza miswada iliyochakaa. Nasrudin aliomba picha, akaambiwa asubiri. Alisubiri vibaya. Kila asubuhi alifungua kompyuta kabla ya kunywa chai, akafunga kwa kishindo, kisha akaenda jikoni kulipiza kisasi kwa lozi.

Aliziloweka, akazimenya, akazisaga, akazikamua kwa kitambaa cha melimeli cha Roshan, kitambaa ambacho hakikurudi tena katika rangi yake. Maziwa yalipochemshwa kidogo yalibaki maji. Yalipochemshwa sana yalishika sufuria. Safari moja yaliganda vizuri kabisa, na alipomwita Roshan aje ashuhudie, yalikaa sahanini kitambo, yakatandazika polepole kama mzee anayejilaza kitandani.

"Tia chaina-grasi," alisema Roshan. Hayo ni majani makavu ya mwani ambayo kwao yaligandisha faluda tangu utotoni.

"Haimo kitabuni."

"Kitabuni hamna kitu! Pamekatwa!"

"Ndiyo maana nasubiri."

Jirani yake Sibtain, mzaliwa wa Arusha, alipita kuazima koleo la theluji na kukuta jikoni kumejaa bakuli. "Nasru," alisema, "watu wa rika letu wanajifunza gofu."

Picha ilifika Februari. Nasrudin alivaa miwani yake mizuri, akavuta kiti, akamwita Roshan aketi. Ukurasa ulikuwa mzima kuanzia juu mpaka chini, na mwandiko, kwa baraka za Mungu, ulisomeka. Alifuata kwa kidole: lozi, maji safi, sukari, zafarani kwa kiini, maganda matupu ya mayai yaliyooshwa vema. Akafika pale ambapo ukurasa wa kwanza ulikatwa. Alisoma, akarudia kusoma, akachukua lenzi.

"Kinasema nini?" Roshan aliuliza.

Nasrudin alisogeza lenzi juu ya mstari uleule.

"Baba Shaista, kinasema nini?"

"Kinasema, umalizie kama ujuavyo."

Roshan alijizuia, akajizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika meza. "Alikuwa na njaa huyo! Kaweka kalamu kaenda kula!"

"Kama nijuavyo!" Nasrudin aliifokea kompyuta. "Ningekuwa najua ningekutafuta? Miezi yote hii, mafundi wa miswada, wapiga picha, bahari nzima katikati, ili uniambie kama nijuavyo?"

Siku hiyo hakula. Siku iliyofuata aliingia jikoni, akafungua kabati la Roshan, akatoa chaina-grasi. Mara ya kwanza Roshan mwenyewe alikosea akazidisha, na yai lilipodondoka sakafuni lilidunda. Walitazamana, wakapunguza. Hatimaye ute ulitulia, mweupe na laini, na kiini cha njano kikakaa katikati. Kwa ganda walifuata kitabu: Roshan alitoboa mayai ya kweli kwa sindano, akayapuliza mpaka vilivyomo vikatoka vyote, akayaosha maganda kwa maji ya moto mara kadhaa, Nasrudin akayajaza kwa bomba la sindano la dawa. Yalipoganda aliyapaka rangi ya kiazisukari na ya manjano, akayapanga kwenye bakuli la kioo. Mtu angeapa kwamba ni mayai.

Jumamosi Shaista alimleta Alia. Nasrudin aliwapokea mlangoni, ncha za vidole zikiwaka, na kumpeleka mjukuu mpaka mezani.

"Haya, mama. Chagua lako. Ndani ni lozi tupu. Ligonge!"

Alia alinyoosha mkono.

"Simama!" Sauti ya Shaista ilitoka barazani, koti likiwa bado kwenye mkono mmoja. "Papa, ganda hilo ni la nini?"

"La yai, lakini ndani—"

"La yai!"

"Tupu, Shaista. Limeoshwa kwa maji ya moto, mama yako shahidi. Kitabu kinasema—"

"Kitabu! Ute unaganda kwenye ngozi ya ndani ya ganda, Papa, hautoki kwa maji! Umesoma kitabu cha miaka mia sita, na karatasi ya daktari iliyobandikwa kwenye friji yako mwenyewe hujaisoma?"

"Usinipigie kelele nyumbani kwangu."

"Nitapiga! Ungekuwa wewe ndiye unayemkimbiza hospitali akikoroma, ungepiga pia!"

Roshan alisimama kati yao na kitambaa cha meza mkononi. Maganda alikuwa ameyatoboa yeye. Alia hakulia. Alikuwa amekwisha kuificha mikono yote miwili nyuma ya mgongo, kama alivyofundishwa tangu akiwa mdogo, hata kabla mama yake hajamaliza kusema. Kuliko maneno yote ya Shaista, mikono ile iliyojificha ndiyo iliyomchoma Nasrudin.

Walipoondoka alibeba bakuli akalimwaga lote kwenye pipa. Kisha akaketi mbele ya kurasa zake mbili, ile iliyokatwa na ile nzima, akazitazama bila lenzi. Sasa aliliona kosa lake, na lilikuwa limekaa wazi tangu siku ya mhadhara. Watu wa vitabu vile walilikimbia yai kwa ajili ya roho. Ganda halikuwa chakula. Halikuvunja mfungo wa mtu, kwa hiyo wapishi walilitumia bila wasiwasi. Alia alilikimbia yai kwa ajili ya pumzi yake. Nasrudin alikuwa amechukua katazo la watu wengine akalivika mjukuu wake, kama kumpa mteja miwani ya jirani kwa sababu fremu zinafanana.

"Niliwauliza wapishi wale mambo yote," alimwambia Roshan, "isipokuwa kwa nini."

"Na mimi nilipuliza," alisema Roshan. "Njoo ule."

Navroz ilikuwa inakaribia. Shaista hakupiga simu kwa siku kadhaa, na alipopiga alizungumza na mama yake tu. Nasrudin alizunguka nyumba akigombana na milango. Kisha asubuhi moja alichukua gari akaenda Markham kwenye duka la vifaa vya keki, akarudi na kalibu za nusu yai, zile za kumiminia chokoleti. Alichemsha sukari mpaka ikawa kama kioo, akaimimina na kuizungusha ili ipake ukuta mwembamba ndani ya kalibu. Kazi hiyo mikono yake iliielewa. Nusu mbili aliziyeyusha kingo kidogo juu ya kikaango chenye moto hafifu, akazibandika, na ganda likasimama, jepesi, likipitisha mwanga.

Alilijaza mgando wake wa lozi. Kabla chai haijapoa, ganda lilianza kutoa jasho, likalainika, likajikunja. Sukari ilikuwa inakunywa maji ya maziwa yake. Kila kitu alichokijua kuhusu kugandisha, Desemba nzima, Januari nzima, mswada wa ng'ambo na mwani wa Roshan, kilikuwa kinamwagika juu ya meza.

"Sasa hata kilichofaulu hakifai," alisema, akaketi.

Kisha alisimama, akatupa maziwa, akachukua lozi kavu, akazisaga na sukari mpaka zikashikana kama donge, bila tone la maji kupita kiasi. Donge jeupe likawa ute. Donge la zafarani, dogo, likawa kiini. Alilifunga ndani ya nusu mbili za sukari, akalipeleka gerejini, ambako hewa ya Machi ilikuwa kavu na baridi. Jioni alikwenda kulitazama akiwa amevaa koti na kofia. Lilikuwa kavu.

Lakini je, litavunjika inavyotakiwa? Hilo halikukubali kujulikana. La kwanza alilogonga lilisagika lote mkononi. La pili lilikuwa gumu kama jiwe. La tatu lilipasuka vizuri sana, ufa mmoja kutoka ncha mpaka tumboni, na hakujua alilifanyia nini tofauti na mengine. Alitengeneza upya, na upya, na kila moja lilikuwa siri yake peke yake.

Hatimaye alimpigia Shaista. "Hakuna ganda. Hakuna yai popote. Njoo usome mwenyewe vilivyotumika, na kama kuna kitu hukitaki, nitakimwaga mbele yako."

Shaista alikuja, akanusa, akauliza, akagusa. Alisimama kwenye baridi ya gereji akiyatazama yale mayai, mekundu na ya njano na ya kijani, yamepangwa juu ya taulo la kuogea.

"Papa," alisema kwa Kiswahili, jambo alilolifanya mara chache, "samahani kwa siku ile."

"Usiniombe radhi. Ulisema kweli."

"Nilisema kwa kelele."

"Hiyo umerithi kwa mama yako."

Shaista alicheka kidogo, akachukua simu. Ndiye aliyezungumza na mama yake Parwin na wazazi wengine: baada ya ibada na darasa, watoto waje Unionville, na wasije na mayai yao. Kila mtoto atapewa la Nana.

Siku ya Navroz theluji ilikuwa imebaki kando ya barabara tu, chafu, kama sabuni iliyosahaulika. Roshan alipanga njugu na matunda makavu mezani. Shaista aliweka beseni, sabuni na taulo mlangoni, kwa sababu watoto walikuwa wametoka kugonga mayai ya kweli, na hakuna ambaye angevuka kizingiti na mikono hiyo. Nasrudin aliyaleta mayai kutoka gerejini, moja moja, akitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa pomoni.

Alia alichagua jekundu. Alilishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua, wazi, kila mtu akiiona.

"Nimeligusa," alisema.

"Liguse utakavyo."

"Parwin amesema mwaka huu ameshinda wote." Alilinyanyua dirishani, mwanga ukapita kwenye sukari na kuonyesha kivuli cha lozi ndani. "Nana, hili litavunjika?"

"Sijui, mama. Labda lake ndilo litakalovunjika."

"Lakini linaweza?"

"Linaweza."

Roshan alikuja akasimama nyuma yao, akipangusa mikono, na Shaista naye akasogea. Nje, gari la familia ya Parwin lilikunja kona, likapunguza mwendo, likitafuta namba ya nyumba. Alia alibana pua yake kwenye kioo cha dirisha. Nasrudin aliificha mikono yake ya njano mifukoni, na wote wanne wakasubiri milango ya gari ifunguliwe.